Kitufe cha Kujumlisha na Kutoa

Leo nimekuja na neno moja la wapiga picha, neno ambalo mtaani tunalitumia kila siku kwa maana nyingine. Neno lenyewe ni eksposha. Tukisema kijana fulani ana eksposha, tunamaanisha ametembea, amekaa na watu wa kila aina, haduwai akifika mji mgeni. Lakini ukiwa studio ya picha ukamsikia fundi akimwambia mwenzake, "Eksposha iko chini," ujue hamsemi mtu. Anazungumzia kiasi cha mwanga kilichoingia kwenye kamera picha ilipopigwa. Kikipungua, picha huwa giza. Kikizidi, mafundi husema picha imeungua.

Nalipenda hilo la kuungua, kwa sababu linanirudisha kwenye kitenzi chetu cha zamani ambacho naona kinaifaa kazi hii kuliko tafsiri yoyote: kuanika. Kupiga picha ni kuanika. Mkulima wa mpunga, awe wa Kyela au wa Mwea, anajua kwamba mpunga ukitolewa juani mapema unaota ukungu ghalani, na ukiachwa juani mno unakatikakatika wakati wa kukoboa, akapata chenga badala ya mchele mzima. Filamu ilikuwa hivyo, na kihisi cha kamera ya kidijitali kiko hivyohivyo. Unakifunua kwenye mwanga kwa muda maalumu, kisha unakifunika. Tofauti ni kwamba mpunga unauanika kutwa, na picha unaianika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kiasi cha kuanika kinaamuliwa na vitu vitatu. Kuna tundu la lenzi, linalopanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho. Kuna shata, ambayo ni pazia linalofunguka na kufunga. Na kuna aiso, yaani wepesi wa filamu au wa kihisi kudaka mwanga. Vyote vitatu hupimwa kwa stopu. Ukiongeza stopu moja umezidisha mwanga mara mbili. Ukipunguza moja umeukata nusu. Shata ya sehemu moja ya 125 ya sekunde ukiipeleka kwenye sehemu moja ya 60, umeongeza stopu moja. Hayo yanatosha kwa leo, maana hesabu yenyewe si ngumu. Ninachotaka tukiulize ni nani anayeipiga hesabu hiyo.

Zamani aliipiga mtu. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, hapakuwa na kamera yoyote duniani iliyoweza kujipangia eksposha. Ya kwanza, Kodak Super Six-20, ilitoka Marekani mwaka 1938. Kamera ya kwanza ya lenzi za kubadilisha iliyoweza kupima mwanga kupitia lenzi yenyewe, Topcon RE Super ya Japani, ilikuja 1963. Kabla ya hapo mpiga picha alitazama jua limefika wapi, akatazama kuta zinavyorudisha mwanga, akamtazama aliyekaa mbele yake, akaamua. Wenye filamu walikuwa na kanuni waliyoishika kichwani: jua likiwa kali na anga ni safi, weka tundu kwenye f/16, na shata iwe sekunde moja kugawanywa kwa namba ya aiso. Kanuni hiyo inafanya kazi mpaka leo. Uizingatie kwa jambo moja: inaanza na jua. Haiulizi ngozi ya mtu ni ya rangi gani wala amevaa nini.

Kipimo kilichomo ndani ya kamera yako au simu yako hakianzi na jua. Kinaanza na mwanga uliokwisha kugonga kitu ukarudi. Na hakijui kile kitu ni nini. Kwa hiyo waliokitengeneza walikipa dhana moja ya kushikilia: kwamba ukichanganya vyeupe na vyeusi vyote vilivyo mbele ya lenzi, utapata kijivu cha katikati. Wapiga picha wanauza na kununua kadi ya rangi hiyo. Inarudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, na jicho la binadamu huiona kama nusu ya njia kati ya nyeusi na nyeupe. Kazi ya kipimo ni kupanga tundu, shata na aiso mpaka kila kilichopo mbele yake, kwa wastani, kifikie kijivu hicho.

Barabara ya lami, miti pembeni, nyumba ya matofali, watu wenye nguo za rangi mchanganyiko: hapo dhana hiyo inafaa sana, na ndiyo maana picha nyingi hutoka salama. Lakini sisi tuna harusi, tuna Idi, tuna fukwe za mchanga mweupe, tuna kuta za chokaa.

Nina picha moja ya babu yangu mzaa mama. Ilipigwa asubuhi ya Idi, amesimama mbele ya ukuta wa msikiti uliopakwa chokaa, amevaa kanzu nyeupe na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Kwenye picha ukuta umekuwa rangi ya majivu. Kanzu nayo ni majivu. Na uso wa babu ni kivuli kitupu, isipokuwa meno yanaonekana, kwa kuwa alikuwa anacheka. Alifariki kabla ya Idi iliyofuata. Ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya uzee wake, na wajukuu waliozaliwa baadaye wakiuliza babu alikuwa na sura gani, tunabaki kuwasimulia kwa maneno.

Nyumbani kwetu walikuwa na maelezo yao. Walisema babu alikuwa mweusi sana, na mtu mweusi sana hatoki kwenye picha. Bila shaka nawe umewahi kulisikia hilo. Fulani anatoka vizuri, fulani hatoki. Nililiamini kwa miaka, mpaka nilipojifunza kukisoma kipimo cha kamera, nikairudia ile picha, nikaona kilichotokea.

Karatasi nyeupe hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga. Ukuta wa chokaa na kanzu safi haviko mbali na hapo. Kamera ilipoelekezwa kwa babu, karibu fremu nzima ilikuwa nyeupe. Kipimo kikaona mwanga mwingi kuliko kilivyozoea, kikafanya kilichofundishwa kufanya: kikaubana mpaka ukuta ukawa kijivu. Na kwa kuwa kamera haiwezi kuubana mwanga wa ukuta ikauacha wa uso, uso wa babu, ambao tangu mwanzo ulikuwa unarudisha mwanga kidogo, ukashushwa pamoja na ukuta, stopu moja au mbili chini. Babu angetoka vizuri sana. Kilichokosea ni kipimo, na aliyeshika kamera hakukisahihisha kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hukosea.

Dawa yake iko kwenye karibu kila kamera. Ni kitufe kidogo chenye alama mbili, ya kujumlisha na ya kutoa, kwa kawaida karibu na kidole cha shahada. Kwenye baadhi ya kamera, kama nyingi za Fujifilm, ni gurudumu juu ya bega la kulia lenye namba kutoka kutoa tatu hadi kujumlisha tatu. Jina lake la kitaalamu, kwa Kiswahili, ningelisema fidia ya eksposha. Nimechagua fidia kwa makusudi. Fidia ni kumlipa mtu kile alichopunjwa. Kitufe hiki humrudishia mtu mwanga ambao kipimo kimemnyima, au humwondolea uliozidi. Ukigeuza kwenye kujumlisha moja, unaiambia kamera: pima kama kawaida yako, kisha ongeza stopu moja juu ya ulichopata.

Matumizi yake yanapingana na akili ya haraka, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Ukiona weupe mwingi mbele yako, moyo unakwambia mwanga umezidi, punguza. Fanya kinyume. Ukiona weupe, ongeza. Kipimo kimeshapunguza bila kukuuliza, nawe unarudisha. Bwana harusi wa kanzu mbele ya ukuta mweupe, bibi harusi wa shela, watoto wanaocheza kwenye mchanga wa Jambiani saa sita mchana, mtu aliyeketi dirisha likiwa nyuma yake: hao wote ni wa kujumlisha. Anza na moja, tazama kioo, kisha ongeza au rudisha kwa theluthi, maana kamera nyingi huhesabu kwa theluthi za stopu.

Na ukiona weusi, punguza. Chukua upande wa pili wa harusi hiyohiyo, akina mama watano wameketi pamoja, wamevaa mabuibui. Kamera inaona weusi karibu fremu nzima. Inadhani ni giza, inafungua mwanga kwa wingi. Mabuibui yanatoka yamepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia, na nyuso zao, hata za weusi kabisa, zinang'aa kwa jasho na kuungua kwenye paji la uso. Hapo weka kutoa moja. Buibui litarudi kuwa jeusi, na nyuso zitarudi kuwa za wenyewe.

Kuna njia nyingine ya zamani ninayoipenda kuliko zote, nayo haihitaji kununua chochote. Nyosha mkono wako pale alipo unayempiga, kiganja kikitazama kamera na kikiwa kwenye mwanga uleule unaomwangukia. Ukijaze kiganja kwenye fremu, upime, kisha uongeze stopu moja. Viganja vya watu havitofautiani sana kama zinavyotofautiana nyuso. Cha mtu wa Juba na cha mtu wa Oslo vinakaribiana, na vyote viko takriban stopu moja juu ya kile kijivu cha asilimia 18. Ukiwa na kamera ya kupanga kwa mkono, tumia vipimo hivyo na usivibadilishe mpaka mwanga wenyewe ubadilike. Studio kubwa zina kifaa chenye kidude cheupe kama nusu ya yai ambacho huwekwa karibu na kidevu cha mtu, kikitazama kamera. Hicho hupima mwanga unaomwangukia mtu, hakijali anarudisha kiasi gani. Kiganja ni ndugu maskini wa kifaa hicho.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu mtalipinga. Uso mweusi ukijaza fremu nzima, kipimo nacho huuona kama buibui: kinaongeza mwanga mpaka ngozi ifikie kijivu. Mtu anatoka mweupe kuliko alivyo. Wapo wapiga picha wanaofurahia hilo, na wapo wateja wanaolidai, na zipo studio ambazo baada ya hapo huongeza kung'arisha kwenye kompyuta mpaka dada na kaka wa tumbo moja wakafanana na watu wa ukoo mwingine. Kwangu mimi hilo ni kosa lilelile la picha ya babu, limegeuzwa tu upande. Kule uso ulipotea gizani, huku unapotea kwenye mwanga. Ngozi nyeusi ina rangi nyingi ndani yake: kuna nyekundu, kuna dhahabu, kuna buluu jioni ikiingia. Mpiga picha anayeijua kazi hupunguza theluthi mbili za stopu hivi, akatafuta mwanga wa ubavuni, akaacha ngozi iseme.

Historia ya jambo hili ni pana kuliko kitufe, na watu wengi huchanganya mambo mawili, kwa hiyo nitayatenganisha. La kwanza ni kipimo, ambalo ndilo nimelisema. La pili ni filamu yenyewe ya rangi na namna ilivyosafishwa. Kwa miongo mingi Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi, yenye picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley, jina la mwanamitindo wa mwanzo. Fundi wa maabara alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke sawasawa, na picha za watu wengine wote zikapita kwenye mashine iliyopangwa kwa ajili yake. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alichapisha uchunguzi juu ya kadi hizo mwaka 2009. Katika aliyoyapata, msukumo mmojawapo wa kuboresha filamu ili ioneshe vizuri rangi za kahawia ulitoka kwa wateja wa kibiashara wa Kodak, wakiwemo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti zao zilikuwa hazitoki. Kodak ilianza kutoa kadi zenye wanawake wa rangi tofauti katika miaka ya 1990.

Na mwanga wa kuongeza wenyewe umewahi kutumika kwa ubaya. Polaroid ilitengeneza kamera ya vitambulisho, ID-2, yenye kitufe cha kuzidisha flashi. Mitambo ya Polaroid ilitumika Afrika Kusini kupiga picha za vitabu vya pasi walivyolazimishwa kubeba Waafrika chini ya ubaguzi wa rangi. Wafanyakazi wawili wa Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua hilo mwaka 1970 wakaanzisha vuguvugu la kuipinga kampuni yao wenyewe. Hunter alifukuzwa kazi. Mwaka 1977 Polaroid ilijiondoa Afrika Kusini. Nakusimulia haya ili ujue kwamba swali la nani anaonekana kwenye picha, na kwa ajili ya nani, liliwagharimu watu riziki zao.

Kamera za leo ni bora zaidi. Nyingi hutambua uso na kuupima huo kwanza. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 yenye mpango ilioupa jina Real Tone, uliotengenezwa ili ngozi nyeusi zitoke kwa haki. Ni hatua nzuri, naipokea kwa moyo mmoja. Lakini usiitegemee peke yake, maana uso ukigeuka pembeni, au ukifunikwa nusu na mtandio, kipimo hurudi kwenye kijivu chake.

Msikilizaji mmoja anaweza kuniuliza: nikiongeza mwanga kwa ajili ya uso, kanzu si itaungua? Ni swali la fundi, na jibu ni kwamba inaweza. Filamu ya negativu ilivumilia mwanga uliozidi. Kihisi cha kidijitali hakivumilii. Sehemu ikishakuwa nyeupe kabisa, hakuna kompyuta itakayourudisha ule uzi wa darizi kifuani. Kamera nyingi huweza kukuonesha sehemu zilizoungua zikipepesa kwenye kioo, nawe ziangalie. Pakiwa na lazima ya kuchagua kati ya darizi na uso, mimi nitauchagua uso kila mara. Ila mara nyingi hakuna lazima hiyo. Mtoe mzee juani, mkalishe barazani. Pale kwenye baraza, chini ya paa, mwanga huingia kwa upande mmoja na ni laini, na umbali kati ya weupe wa kanzu na weusi wa uso unapungua. Kivuli cha mwembe nacho kinafaa, mradi vitobo vya jua visimwangukie usoni.

Kwenye simu kitufe hicho kimejificha, lakini kipo. Gusa uso wa mtu kwenye kioo. Kwenye simu nyingi kitatokea kijua kidogo pembeni. Kipandishe kwa kidole, mwanga unaongezeka, kiteremshe, unapungua. Ukibonyeza na kushikilia kidole usoni, simu nyingi hufunga kipimo kisihame hata mtu mwenye kanzu akipita nyuma. Kwenye kamera kubwa kumbuka jambo moja: nyingi hazirudi kwenye sifuri zenyewe. Ukimaliza na bwana harusi, rudisha sifuri kabla hujawageukia akina mama wa mabuibui. Na ukiwa umepanga kila kitu kwa mkono, pamoja na aiso, kitufe hicho hakibadilishi kitu. Hapo unageuza shata au tundu wewe mwenyewe.

Msikilizaji, ukiwa na mzee nyumbani, usiisubiri Idi wala harusi. Jumamosi hii mkalishe barazani asubuhi, mwanga ukimpata usoni kutoka ubavuni. Mguse usoni kwenye kioo cha simu, akiwa amevaa nyeupe kipandishe kile kijua kidogo, mzungumzishe mpaka acheke, ndipo ubonyeze. Kisha ikuze picha, uhakikishe unayaona macho yake.